Nyumba Mbili za Fonii

Hapa Kindu sasa tuna nyumba mbili za intaneti zinazotazamana barabarani, na watu wa mtaa wetu wanabishana juu yazo kama vile ni timu za mpira. Moja inajaa tangu asubuhi. Ya pili, mkuu wake anakaa mlangoni akifukuza nzi. Wabishi wanasema ile inayojaa ina sahani nzuri zaidi ya kunasa mawimbi juu ya bati. Mimi nimeingia zote mbili, na hizo sahani nimeziangalia. Ni zilezile, zimetoka kwa muuzaji mmoja na kushuka katika ndege moja. Tofauti ni kwamba katika ile tupu, ukimwambia mkuu kuwa laini imekatika, anakuonyesha cheti chake alichokipata Kinshasa. Katika ile nyingine mkuu anasimama, anaomba radhi, anakuongezea muda, halafu ndipo anakwenda kutazama waya.

Huwa nawaambia wabishi kwamba mashine si hoja, hoja ni nani anayeisimamia nyumba. Wananiuliza niliyasoma wapi hayo. Sikuyasoma popote. Niliyaona kwa macho yangu wakati wa vita, nikiwa msichana mwenye sauti kali na ulimi mrefu zaidi ya sauti, nikifanya kazi katika nyumba ya fonii.

Fonii, kwa asiyeijua, ni redio ya kuongea kwa zamu. Unabonyeza kitufe, unasema maneno yako, unamaliza kwa kusema "nakupatia," unaachia, halafu unamngoja mwenzako kutoka mbali aanze kukoroma. Simu za mkononi zilikuwa hazijafika kwetu. Reli ilikuwa imekatika, barua hazikuwa na njia, na ile barabara ya Lubutu ilibaki ya wasukuma baiskeli na mizigo yao ya mafuta ya mawese. Ukitaka kujua kama dada yako wa Obokote amejifungua salama, unakwenda kwenye fonii.

Nitasema wazi kwa nini niliitaka kazi ile. Baba yangu alikuwa fundi wa gari moshi. Aliondoka na treni kwenda kusini, safari ya kawaida kabisa, ameniachia ufunguo wa nyumba na mchele wa kula hadi arudi. Vita vikapita katikati yetu. Upande wetu ukawa na watawala wake, upande wake ukawa na wake, na kati yao hakuna mtu wala neno lililoruhusiwa kuvuka. Mama alikuwa amefariki zamani, nami nikabaki na shangazi aliyeshinda mashambani huko Kailo. Nikajisemea kwamba kama baba yu hai, siku moja atatafuta redio, na siku hiyo mimi nitakuwa nimekaa kando ya redio. Ndiyo sababu yangu yote.

Aliyenichukua kazini tulimwita Bibi. Alikuwa mjane wa familia ya zamani ya Kiislamu, wale ambao mababu zao walikuja na biashara ya pwani, na adabu yake ilitunyoosha sisi wengine kila tulipofungua mdomo. Mume wake alimwachia nyumba, mtungi wa maji, na redio moja kuukuu iliyokula betri ya gari. Redio yenyewe aliiita chuma cha marehemu. Masafa hakuyajua, na hakuona aibu kusema hayajui. Aliketi barazani kwenye kiti kifupi, kitenge begani, akipokea watu, na sisi wa ndani tukahangaika na vitufe.

Mpinzani wetu alikuwa ng'ambo ya barabara. Huyo tulimwita Direkta, na mwenyewe alipenda tumwite hivyo. Alikuwa amesomea umeme, shati lake lilikuwa jeupe hata siku za tope, na redio yake ilikuwa mpya, yenye mlingoti mrefu wa antena na jenereta ya kunguruma. Sisi tulifika Lubutu na Obokote, na hali ya hewa ikitupenda, Goma. Yeye alifika popote alipotaka. Nilikuwa nautazama ule mlingoti wake kila asubuhi nikimwonea wivu, maana niliamini kabisa kwamba ungeweza kumfikia baba.

Msije mkadhani sikujaribu. Nilivuka barabara, nikamwomba. Alinisikiliza kwa adabu, nyuma ya meza yake, kisha akasema kwamba kuita upande wa pili wa vita kumekatazwa na wenye bunduki, jambo ambalo lilikuwa kweli, na kwamba hata kama si hivyo, wafanyakazi wa nyumba ya mbele wangoje zamu yao hadi wateja wake waishe. Wateja wake hawakuwa wakiisha. Nikarudi nimevimba mashavu, na Bibi hakuniuliza nilikuwa wapi.

Namna yetu ya kufanya kazi ilikuwa ya polepole, nami niliichukia. Watu wa Maniema tunarithisha majina ya mababu, na kwa hiyo katika mtaa mmoja unaweza kumkuta mzee, mjukuu wake, jirani yake na adui yake, wote jina moja. Bibi alikuwa amepatana na watu wetu wa fonii kule Lubutu na Obokote wasitume jina tupu. Ilikuwa lazima wamuulize mteja jina la mama wa huyo anayetafutwa, na nyumba yake inachota maji wapi. Baada ya hapo ndipo sisi tulituma mtu wa kwenda kumwita.

Kifo kilikuwa na utaratibu wake. Bibi alikataza habari ya msiba kuingia sikioni mwa mwenye msiba kupitia chuma. Mtu wa kuita alipewa maneno haya tu ya kusema: "Ukuje na mukubwa." Basi unakuja na baba mdogo wako, au mjomba, au jirani mwenye mvi. Mkubwa anaingia peke yake, anasikia, anatoka, anakushika mkono na kukurudisha nyumbani, na huko, umekaa kati ya watu wako, ndipo unaambiwa. Mji mzima ulijua maana ya maneno yale. Wengine walianza kulia getini kwao kabla ya kuvaa viatu, lakini angalau hawakuanguka barabarani, kulikuwa na mkono wa mtu.

Direkta hakuwa na muda wa visima na wajomba. Yeye alifunga spika kubwa ukutani, ikielekea soko, na kila ujumbe ulisikika hadi kwa wauza sombe, majani yetu ya muhogo. Watu wakapenda. Mtu anakuja kununua chumvi, anarudi nyumbani na habari za ndoa ya Goma, ugomvi wa Bukavu na mtoto wa nani amekataa shule. Baraza letu likaanza kupungua watu. Nikamwambia Bibi tununue spika. Akasema kilio cha mtu si muziki wa dansi. Nikamwambia basi tuache kuuliza mambo ya visima, tunachelewesha watu. Akaniambia niweke betri juani ipate nguvu.

Hiyo ndiyo ilikuwa kawaida yake. Ukimletea hoja kubwa, anakupa kazi ndogo.

Kisha Direkta akaangukiwa na jambo. Ujumbe ulitoka Lubutu kwamba mtu wa jina fulani amefariki. Jina tupu, na spika imefunguliwa. Pale sokoni palikuwa na mama mmoja muuza sombe ambaye mume wake, msukuma baiskeli, alikuwa na jina hilohilo na alikuwa safarini huko Lubutu. Yule mama alianguka juu ya sombe yake. Watu wakambeba. Matawi ya michikichi yakafungwa getini, sufuria zikatoka kwa majirani, wali ukapikwa, na matanga yakaanza kwa heshima zote.

Kabla matanga hayajaisha, marehemu akafika. Alikuwa akisukuma baiskeli yake yenye madumu, amechoka, vumbi hadi kwenye kope. Akaona matawi getini kwake, akawauliza waliokaa nje nani amekufa. Wanasema aliegemeza baiskeli ukutani vizuri, akaingia, akamwona mke wake akimlilia, akakaa chini na kulia pamoja naye, halafu, kwa kuwa njaa haina adabu, akaomba sahani. Mpaka hapo ni kichekesho, na mji ulicheka. Lakini aliyekufa alikuwepo kweli. Alikuwa mzee wa jina lilelile, wa mtaa wa pili, aliyefia safarini Lubutu, na wajukuu zake walikuwa pale matangani tangu siku ya kwanza, wakila wali na kusaidia kubeba maji, bila kujua kwamba wanaye wa kwao wa kumlilia.

Hapo kicheko kikakatika. Watu waliitupia tope ile nyumba, na spika ikashuka ukutani siku hiyohiyo. Direkta akabaki peke yake nyuma ya meza yake, na jenereta ikanguruma bila sababu. Baraza letu likajaa hadi watu wakaketi kwenye ngazi. Nilifurahi, sifichi. Nilitembea barazani nikivuta sauti, nikiuliza majina ya mama za watu kwa nguvu ili ng'ambo wasikie.

Bibi hakufurahi. Alipika wali na kuku, akafunika kwa kitambaa safi, akavuka barabara. Alikaa huko muda mrefu. Mimi nilikuwa dirishani nikijua kabisa amekwenda kumwonjesha yule bwana aibu yake taratibu, kijiko kwa kijiko, na nikamwona ni mwanamke hodari. Aliporudi na sahani tupu nilimuuliza wamezungumza nini. Akasema amekula vizuri.

Haikuchukua muda nikaanza kuona mambo ya ajabu. Mtu wetu wa Lubutu, yule tuliyemfundisha sisi, akaanza kuiita nyumba ya Direkta. Anatoa jina, jina la mama, mahali pa kuchota maji, yote kama alivyokuwa akitupa sisi. Niliyasikia kwa masikio yangu kwenye masafa yetu. Baada yake, yule wa Obokote. Na ng'ambo ya barabara nikaona mlango umefungwa wakati mteja anaongea, na kiti kimewekwa kwa ajili ya wazee. Nikakimbia barazani kumwambia Bibi kwamba tunaibiwa. Akasema anajua, na kwamba yeye ndiye aliyewaruhusu.

Sijawahi kukasirika vile. Nilimwambia, mbele ya watu, kwamba amechukua mali yetu pekee na kumpa mtu mwenye mlingoti. Redio nzuri alikuwa nayo tayari, sasa ana redio nzuri na watu wazuri. Sisi tumebaki na nini? Alinisikiliza hadi mwisho. Akaniambia betri bado haijatoka ndani.

Na ikawa kama nilivyosema. Nitautoa mwisho huo mapema, kwa sababu si wa siri hapa mjini. Direkta alikuwa na akili, na aibu ilimfaa kuliko cheti. Alijifunza kusimama mtu akiingia, alijifunza kunyamaza, na kwa kuwa sauti zake zilikuwa safi na za mbali, wateja wakarudi kwake kidogo kidogo, kisha wengi. Minara ya simu ilipokuja alikuwa wa kwanza kuuza vocha, na leo wapo wanaodhani alizaliwa na hekima ile. Sisi tulibaki na wazee wa mtaa na watu wa dini waliompenda Bibi, na redio yetu ikazidi kukohoa, mpaka siku moja haikuwaka tena. Wanaosema Bibi hakujua biashara siwalaumu. Nilikuwa wa kwanza kusema hivyo, na nilisema kwa sauti.

Lakini redio ilikuwa bado inawaka asubuhi ninayoikumbuka. Habari za mazungumzo ya amani zilikuwa zimeanza kuzagaa, na wenye bunduki wamelegeza mkono. Nilikuwa nimepanda kwenye kigoda nikifuta vumbi juu ya redio. Nikasikia watu barazani wakisogeza viti kumpisha mtu. Nikatoka. Direkta alikuwa amesimama pale, yeye mwenyewe, hakutuma mtu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona upande wetu wa barabara. Shati jeupe, mikono ameishika mbele, macho chini. Akanitazama kidogo, akasema:

"Dada, message yako imefika kwangu. Ukuje na mukubwa."

Sikulia. Nilikumbuka nimewaambia watu wengi maneno yale, na kila mara niliyasema haraka ili nimalize kazi. Sasa yalikuwa yamenigeukia mimi. Nikafikiria ufunguo wa nyumba. Nikafikiria kwamba shangazi yuko Kailo, na sina mkubwa wa karibu, na hata hilo likaniuma, kwamba sina mtu wa kusikia kifo cha baba kwa niaba yangu. Bibi alikuwa ameshasimama. Akatengeneza kitenge chake, akanishika mkono juu ya kiwiko, akasema twende.

Barabara ile ni nyembamba, mtoto anairuka kwa kukimbia, lakini asubuhi ile ilikataa kuisha. Watu walitupisha. Muuza karanga mmoja alivua kofia. Bibi alinibana mkono kwa nguvu, na hapo ndipo nikaamini kwamba baba hayupo tena.

Ndani ya nyumba ya Direkta Bibi alinikalisha kwenye benchi, akaingia chumba cha redio peke yake, kama sheria yake inavyotaka. Nilisikia redio ikikoroma. Nilisikia sauti ya Direkta, kisha Bibi akisema kitu kwa ukali ambao sikuwahi kumsikia nao. Mlango ukafunguliwa kwa nguvu.

"Ingia," akasema. "Ingia haraka. Njo yeye mwenyewe."

Nikaingia. Kutoka kwenye kile chuma kipya, safi kabisa kama mtu aliyekaa chumba cha pili, sauti ya baba yangu ilikuwa inasema: "Mama, uko pale? Njo mimi, baba yako. Niko muzima. Nakupatia."

Baba alikuwa akiniita mama tangu nizaliwe, kwa sababu ninalibeba jina la mama yake. Nilikaa sakafuni, kando ya waya za jenereta, na kilio chote nilichokuwa nimekizuia barabarani kikatoka hapo.

Juu ya kichwa changu Bibi alikuwa akimgombeza Direkta. Alimwambia maneno yale ni ya kifo tu, alimuuliza kama alitaka kuniua. Yule bwana msomi alijitetea kama mwanafunzi. Alisema alifundishwa kwamba habari nzito haipokelewi na mtu peke yake, na yeye aliona habari hii ni nzito, mtu aliyepotea miaka yote kupatikana, akaogopa kwamba nitaanguka. Na kweli, niko sakafuni, akanionyesha kwa kidole.

Mimi nikauliza, katikati ya kamasi, alimpataje baba. Direkta akamtazama Bibi kama anayeomba ruhusa. Bibi akageukia dirisha. Basi akaniambia.

"Siku ile ya wali na kuku," akasema, "alinipa watu wake wote, wa Lubutu na wa Obokote. Mimi nikamuuliza, Bibi, unataka nini kwangu? Nilizani atasema franga. Akasema, uko na mlingoti murefu. Utafute baba ya huyu mutoto, hata kama itaomba miaka."

Alikuwa ametafuta. Kila siku ambayo wenye bunduki walikuwa wamelegea, alituma jina la baba kusini, kituo kwa kituo cha reli, pamoja na jina la mama yake baba na mahali tulipochota maji, na kila mara walimjibu kwamba hayupo, na Bibi alikuwa akipata jibu hilo kimyakimya bila kuniambia. Miezi yote hiyo mimi nilikuwa barazani nikimwita mwanamke asiyejua biashara, naye ananiagiza kuweka betri juani.

Nilitaka kumwambia kitu. Sijui ningesema nini. Nilimshika mguu, kwa kuwa ndio uliokuwa karibu, na nikaona aibu, na upendo, na hasira pia kwamba hakuniambia.

"Wacha mimi," akasema. "Muzee anangoja pale, na jenereta inakula mafuta ya watu."

Direkta akaninyanyua, akaniweka kwenye kiti, akanipa kitufe. Kwenye redio baba alikuwa anarudia tena, sauti imeanza kuwa na hofu, anauliza kama kuna mtu, kama nyumba bado ipo, kama ninakula, na nani ananiangalia. Nikabonyeza. Nikamwambia niko hapa, mzima, ninakula. Nikamwambia Bibi ndiye ananiangalia. Halafu nikasema nakupatia, nikaachia, tukangoja wote watatu.